Namna ya Kuwahudumia Watumiaji wa Kiendelezi Huria cha Kivinjari

Anayekubali kujibu maswali ya watumiaji wa kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayokiongezea kivinjari kazi mpya, anapokea kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kiendelezi hakina nyumba yake. Kinafanya kazi ndani ya kivinjari kilichotengenezwa na wengine, juu ya kurasa zilizoandikwa na watu ambao huenda hawajui kwamba kipo, na bega kwa bega na viendelezi vingine ambavyo kila mtumiaji amejichagulia. Kitufe kikibonyezwa bila kutoa jibu, mtumiaji huona jambo moja tu, kwamba kiendelezi kimeharibika. Huenda ni kweli. Lakini vilevile huenda tovuti ilibadilisha ukurasa wake asubuhi hiyo, au kivinjari kilijisasisha usiku, au kiendelezi kingine kimezuia kile ambacho chenu kilihitaji. Kazi ya kwanza ya huduma ni kubaini hitilafu iko upande gani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jambo hilo.

Mwongozo umeandikwa kwa kufikiria mradi wa programu huria (programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote) unaotunzwa na watu waliojitolea. Hapo hakuna mshahara wala zamu, na wanaouelewa msimbo wote kwa undani ni wachache mno wakilinganishwa na wanaoutumia. Ripoti isiyochujwa inapowafikia moja kwa moja inakula muda ambao ungetumika kurekebisha kasoro, na mtumiaji anayejibiwa ovyo huondoka akiamini kwamba mradi hauna mwenyewe. Anayejibu maswali anazilinda pande zote mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana nafasi hii inastahili kupewa mtu makini hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo.

Maswali ya kuuliza na sababu zake

Ripoti inayofaa hutaja toleo la kiendelezi, jina na toleo la kivinjari, mfumo endeshi, anwani ya ukurasa wenye shida, kile mtumiaji alichofanya, alichotarajia na alichokiona badala yake. Orodha hii inajulikana, lakini miradi mingi huiweka bila kumweleza mtumiaji pa kupata majibu, na ndiyo sababu hurudi ikiwa imejazwa nusu. Mwelekeze hatua kwa hatua. Katika Chrome aandike chrome://version kwenye sehemu ya anwani, na matoleo ya viendelezi atayaona kwenye chrome://extensions baada ya kufungua maelezo ya kila kimoja. Katika Firefox aandike about:support, ambako ukurasa mmoja unaonyesha toleo la kivinjari, mfumo endeshi, na orodha ya viendelezi vyote pamoja na matoleo yake. Edge ina edge://version na edge://extensions.

Jibu la kwamba mtumiaji ana "toleo jipya kabisa" lisikubaliwe, hata kama limetolewa kwa nia njema. Duka la viendelezi la Chrome (Chrome Web Store), lile la Mozilla, watengenezaji wa Firefox, na lile la Microsoft hukagua kila toleo kwa utaratibu wao, kwa hiyo sasisho lililokwisha kuwafikia watumiaji wa Firefox linaweza kuwa bado linasubiri ukaguzi upande wa Chrome. Watu wawili wanaweza kudai kwa ukweli kabisa kwamba wana toleo jipya, ilhali matoleo yao yanatofautiana.

Kuna maswali mawili zaidi ambayo husahauliwa, nami ningeyaweka juu ya mengine yote. La kwanza ni mtumiaji alikipata wapi kiendelezi. Baadhi ya mifumo ya Linux husambaza viendelezi kwa njia yake. Debian, kwa mfano, ina kifurushi chake cha uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, na kifurushi cha namna hiyo kinaweza kubaki nyuma ya toleo la dukani. Lililo baya zaidi ni nakala bandia zenye jina na alama zinazofanana na za kweli. Kila kiendelezi katika Chrome Web Store kina utambulisho wa herufi 32, zote zikiwa kati ya a na p, na utambulisho huo huonekana kwenye anwani ya ukurasa wake dukani. Ulinganishe na wa kwenu kabla ya kutumia muda wako kutatua tatizo la programu ambayo si yenu.

Swali la pili ni lini kiendelezi kilifanya kazi sawasawa kwa mara ya mwisho. Mtumiaji akisema kilifanya kazi hadi Jumanne, unaweza kuangalia ni nini kilitolewa kati ya Jumanne na leo, iwe ni toleo lenu, toleo la kivinjari au mabadiliko ya tovuti. Akisema hakijawahi kufanya kazi hata siku moja, unaelekea kwenye ruhusa na mipangilio badala ya kuchunguza mabadiliko ya hivi karibuni. Majibu hayo mawili yanakupeleka njia tofauti kabisa, na inatosha swali moja kuyatenganisha.

Jibu la kwanza

Tuseme mtumiaji wa Firefox ameandika hivi: "Kiendelezi chenu kimekufa tangu juzi. Hakuna kinachofanya kazi. Kirekebisheni haraka." Hakuna toleo, hakuna ukurasa, na lugha yake ni ya mtu aliyekatizwa kazi. Jibu linaloweza kuleta matunda ni la namna hii:

"Habari, na pole kwa usumbufu. Nimejaribu toleo la sasa kwenye Firefox ya Windows na halijaonyesha hitilafu, kwa hiyo nahitaji kuyajua mazingira yako. Tafadhali fungua about:support, unakili toleo la kivinjari pamoja na orodha ya viendelezi, kisha unitajie ukurasa mmoja ambao tatizo hujitokeza kila mara. Kwa sasa usikiondoe kiendelezi, kwa sababu mipangilio yako inaweza kupotea."

Jibu hili linamwonyesha mtumiaji kwamba kuna mtu aliyejaribu kabla ya kuuliza, linaomba mambo mawili tu ambayo anaweza kuyapata kwa muda mfupi, na linamkinga asijidhuru wakati anasubiri. Halimkaripii kwa kuacha maelezo. Halimwahidi kwamba tatizo litakwisha kesho. Mtu akiulizwa maswali kumi kwa mkupuo hujibu matatu, na mara nyingi si yale uliyoyahitaji zaidi. Uliza yale ambayo jibu lake litabadilisha hatua yako inayofuata, mengine yasubiri.

Kutafuta hitilafu iko upande gani

Anza na swali la msingi kuliko yote: je, kiendelezi kinaruhusiwa kufanya kazi mahali hapo? Vivinjari huvizuia viendelezi kugusa kurasa zao za ndani, zile zinazoanza na chrome:// au about:, na pia kurasa za maduka yao ya viendelezi. Mtumiaji anayejaribu kiendelezi kwenye ukurasa ule ule wa Chrome Web Store alikokisakinisha ataona hakifanyi lolote, naye atakuwa sahihi kabisa katika maelezo yake. Vivyo hivyo kwa madirisha ya faragha: Chrome haikiwashi kiendelezi katika hali fiche mpaka mtumiaji aruhusu mwenyewe, na Firefox ilifuata utaratibu huo kwa viendelezi vipya kuanzia toleo la 67 la mwaka 2019. Faili zilizofunguliwa kutoka kwenye diski ya kompyuta zina ruhusa yake ya pekee katika Chrome. Tena Chrome humwezesha mtumiaji kukiwekea kiendelezi mipaka ya tovuti, kiwe kinafanya kazi kinapobofywa tu au kwenye tovuti fulani tu, na watu wengi huchagua hivyo kisha wakasahau.

Chanzo kingine kinachofanana na hicho ni ruhusa zilizoongezwa. Toleo jipya likiomba ruhusa inayohitaji onyo, Chrome hukizima kiendelezi mpaka mtumiaji akubali, na Firefox hubaki na toleo la zamani mpaka akubali. Kwa hiyo mara tu baada ya toleo la namna hiyo tarajia malalamiko ya aina mbili zinazopingana: upande wa Chrome watasema kiendelezi kimejizima, na upande wa Firefox watasema kasoro mliyotangaza kuwa imerekebishwa bado ipo. Andaa maelezo mapema, yenye kueleza ruhusa mpya ni ya nini hasa. Mtu anayeuliza kwa nini kiendelezi kinataka kusoma kurasa zote anazozitembelea ameuliza swali la busara kabisa, na anastahili jibu kamili linalotaja kazi inayohitaji ruhusa hiyo na sehemu ya msimbo anayoweza kuisoma mwenyewe.

Ikiwa ruhusa ni sawa, mwombe akizime kiendelezi kwa muda, bila kukiondoa, kisha aupakie ukurasa upya. Tatizo likibaki wakati kimezimwa, kiendelezi chenu hakihusiki. Likiondoka, bado hujathibitisha kwamba kosa ni lenu, kwani inawezekana viendelezi viwili vinagongana na kuzima chochote kati yake kungeleta matokeo yale yale. Hapo ndipo wasifu mpya wa kivinjari, yaani nafasi tupu yenye mipangilio na viendelezi vyake peke yake, unapofaa. Katika Chrome hufunguliwa kupitia picha ya wasifu iliyo juu ya dirisha, na katika Firefox kupitia about:profiles. Mtumiaji aweke kiendelezi chenu peke yake kwenye wasifu huo, aache mipangilio kama ilivyo, na afungue ukurasa wenye shida. Mipangilio yake halisi hubaki salama kwenye wasifu wake wa kila siku, na wewe unapata jibu ambalo halina utata mwingi.

Watu wengi hushauri hali ya utatuzi ya Firefox, ambayo kitufe chake kipo ndani ya about:support. Ni chombo kizuri, lakini kielewe kinachofanya: huzima viendelezi vyote, mandhari, na hata matumizi ya kichakata michoro. Kwa hiyo kinakuonyesha kama kivinjari chenyewe, bila nyongeza yoyote, kina afya, ila hakiwezi kukuambia ni kiendelezi kipi kimekosea.

Ikiwa kiendelezi kinafanya kazi vizuri katika wasifu mpya lakini kinakwama katika ule wa kawaida, mshitakiwa ni kiendelezi kingine au mpangilio. Usimwambie mtumiaji azime viendelezi kimoja kimoja. Azime nusu yake, ajaribu, kisha aendelee na nusu ile yenye tatizo. Mwenye viendelezi kumi na sita atampata mkosaji kwa majaribio manne. Njia hiyo ya kugawanya nusu kwa nusu hutumika pia kwa orodha za vichujio (zinazotaja cha kuzuiwa kwenye kurasa), kwa kanuni ambazo mtumiaji ameziandika mwenyewe, na hata kwa matoleo ya kivinjari: ukishuku kwamba Firefox ndiyo iliyobadilika, kuna programu iitwayo mozregression inayopakua matoleo ya zamani na kuyagawa kwa namna hiyo mpaka ifikie badiliko lililoleta shida. Mtumiaji mwenye subira anaweza kuiendesha mwenyewe, na matokeo yake ni zawadi kubwa kwa wahandisi wa Mozilla.

Kwa wanaotumia simu, uliza kwanza ni kivinjari kipi. Firefox ya Android ilifungua mlango kwa viendelezi vya aina nyingi Desemba 2023, lakini kiendelezi kilichotengenezwa kwa ajili ya skrini pana kinaweza kusakinika huko bila kufanya kazi ipasavyo. Kama mradi haukijaribu kwenye simu, semeni hivyo waziwazi katika maelezo yenu.

Usianze na kuondoa na kusakinisha upya

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni kumwambia mtu akiondoe kiendelezi na kukisakinisha upya. Naupinga kwa nguvu zote kama hatua ya kwanza. Kiendelezi kinapoondolewa, kivinjari hufuta data ambayo kilikuwa kimeihifadhi: kanuni zilizoandikwa kwa miezi, orodha za tovuti zilizoruhusiwa, vichupo vilivyowekwa kando, maandishi ya mtumiaji. Tena hufuta ushahidi, kwa kuwa kama tatizo lilitokana na data iliyoharibika, sasa haiwezekani tena kujua iliharibika vipi, na litarudi.

Tukio la mwaka 2019 linaonyesha hatari hiyo kwa ukubwa wake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei, cheti cha kati kilichotumika kuthibitisha sahihi za viendelezi vya Firefox kiliisha muda, na viendelezi vikazimwa kwa watumiaji duniani kote. Viendelezi vyenyewe havikuwa na kosa lolote. Mozilla iliwaomba watu wasiviondoe wala kuvisakinisha upya, kwa sababu kuviondoa kungefuta data yao, na tarehe 5 Mei ikatoa toleo la 66.0.4 lililorekebisha hali. Wengi wa waliosubiri walivikuta viendelezi vyao na data yao. Waliofuata ule ushauri wa mazoea walipoteza vitu ambavyo hakuna sasisho lingeweza kuvirudisha.

Jambo la aina hiyo linaweza kutokea tena kwa sura nyingine. Cheti kikuu cha Mozilla kiliisha muda tarehe 14 Machi 2025, na safari hii kampuni ilitangaza mapema kwamba wanaotumia Firefox wahamie toleo la 128 au jipya zaidi, au toleo linalotunzwa kwa muda mrefu (ESR) la 115.13 na kuendelea. Mtumiaji wa kompyuta ya zamani anayelalamika leo kwamba viendelezi vyake vyote vimezimika anapaswa kuulizwa toleo la kivinjari kabla ya kitu kingine chochote. Neno la kuliangalia katika ripoti yake ni "vyote". Kikizimika kimoja, chunguza hicho kimoja. Vikizimika vyote kwa pamoja, tazama kivinjari.

Ikifika mahali ambapo kusakinisha upya ndiko kumebaki, mwongoze kwanza ahamishe mipangilio yake kwenye faili, na umwombe aifungue faili hiyo ahakikishe kwamba haiko tupu. Kama kiendelezi chenu hakina njia ya kuhamisha mipangilio, ombi la kuiongeza lipelekwe kwa watunzaji likiwa juu ya orodha.

Hitilafu zinazokuja na kuondoka

Zinazochosha zaidi ni zile zinazotokea mara moja katika siku tatu. Katika viendelezi vinavyofuata Manifest V3, kanuni mpya za jinsi kiendelezi kinavyotengenezwa zilizochukua nafasi ya Manifest V2 katika Chrome, sehemu inayofanya kazi nyuma ya pazia katika Chrome husimamishwa ikikaa sekunde 30 bila shughuli, kisha huamshwa inapohitajika. Msimbo uliohifadhi jambo katika kumbukumbu ya muda tu utalisahau kila unaposimamishwa. Kwa mtumiaji huonekana kama kiendelezi kinachofanya kazi vizuri anapokuwa na shughuli nyingi na kukataa anaporudi kutoka mapumzikoni. Kwa hiyo uliza: ilipita muda gani kati ya mara ya mwisho kilipofanya kazi na kilipokwama? Ukijibiwa kwamba huwa ni baada ya kukaa kimya kidogo, umepata kidokezo ambacho mtunzaji ataweza kukifuata bila kubahatisha.

Malalamiko mengine ya kundi hilo ni mipangilio isiyohifadhika. Hifadhi inayosawazishwa kati ya vifaa vya mtumiaji ina kikomo kidogo katika Chrome: baiti 102,400 kwa jumla, na baiti 8,192 kwa kila kipengele. Mtumiaji mwenye orodha fupi hatapata tatizo kamwe, na mwenye orodha ndefu ataona nyongeza zake zikipotea, hasa ikiwa msimbo hauonyeshi ujumbe wa kosa. Mwulize orodha yake ina ukubwa gani. Ni swali ambalo mtu hawezi kulitaja mwenyewe, kwa sababu hana namna ya kujua kwamba lina maana.

Hapa yafaa kutaja swali ambalo wengi wameulizwa: kwa nini kiendelezi kimetoweka Chrome? Google ilianza kuonyesha maonyo kuhusu viendelezi vya Manifest V2 katika matoleo ya majaribio ya Chrome Juni 2024, ikaendelea kuvizima kwa awamu, na kufikia nusu ya pili ya 2025 watumiaji wa kawaida hawakuwa tena na njia ya kuviwasha. uBlock Origin ni miongoni mwa vilivyoguswa, na ndugu yake wa Manifest V3, uBlock Origin Lite, hana uwezo wote wa yule wa kwanza. Mtumiaji anayeuliza apewe maelezo mafupi ya kweli: nini kimebadilika, nani aliyeamua, ana chaguo gani, na kila chaguo linampunguzia nini. Hotuba ya lawama haimsaidii kuendelea na kazi yake.

Kumbukumbu za kiufundi na faragha

Wakati mwingine maelezo ya maneno hayatoshi, na utahitaji ujumbe wa kosa kutoka kwenye konsoli (sehemu ya zana za wasanidi programu inayoonyesha makosa) au rekodi ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva. Kuwa mwangalifu sana hapa. Faili ya HAR, yaani rekodi hiyo ya mawasiliano ambayo zana za wasanidi programu huweza kuihifadhi, inaweza kubeba vidakuzi na alama za kuingia ambazo zinamwezesha yeyote aliye nayo kuingia kwenye akaunti ya mtumiaji bila nenosiri. Oktoba 2023, kampuni ya Okta ilitangaza kwamba mvamizi aliingia katika mfumo wake wa huduma kwa wateja na kuziona faili za namna hiyo zilizokuwa zimetumwa na wateja walioomba msaada. Kama jambo hilo liliweza kuipata kampuni ambayo biashara yake ni usalama wa akaunti, mradi wa watu waliojitolea usijione uko mbali nalo.

Nashauri kutoomba faili ya HAR kabisa, isipokuwa mtunzaji mwenyewe ameihitaji na kueleza sababu. Mara nyingi mistari michache ya konsoli, au picha ya skrini yenye ombi moja tu lililokataliwa, inatosha. Mwambie mtumiaji afiche jina lake, anwani yake ya barua pepe na vichupo vingine kabla ya kutuma picha. Tatizo likiwa kwenye ukurasa unaohitaji kuingia, kama wa benki au wa hospitali, usiombe kamwe akaunti yake wala kukubali akikupa. Tafuta naye ukurasa wa wazi wenye muundo unaofanana, au mwongoze afanye majaribio mwenyewe na kukueleza anachokiona. Mtumiaji akibandika siri mahali ambapo wengine wanaona, iondoe mara moja, mweleze abadilishe nenosiri na atoke kwenye akaunti katika vifaa vyote, kisha ndipo mrejee kwenye shida iliyomleta.

Kuwapelekea watunzaji

Ripoti unayoipeleka kwa watunzaji iwe na tatizo moja tu. Mtumiaji akileta matatu, yatenganishe wewe mwenyewe. Kichwa cha ripoti kitaje tukio na mahali, kama vile "Menyu haifunguki kwenye ukurasa wenye video, Firefox 128, Linux", wala kisiwe kilio cha jumla. Andika hatua za kulirudia tatizo kuanzia wasifu mtupu, kisha uandike ulichokwisha kukiondoa katika orodha ya washukiwa: tatizo lipo bila viendelezi vingine, halipo katika toleo lililopita, halipo Chrome. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi, na ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi. Ukishindwa kulirudia tatizo kwenye kompyuta yako, sema hivyo na ueleze ulijaribu wapi. Usilifiche wala usilitupe.

Kabla ya hapo, tafuta kama limekwisha kuripotiwa, na usiridhike na kufanana kwa dalili. Kurasa mbili zinaweza kubaki nyeupe kwa sababu mbili tofauti, na kuziunganisha ripoti mapema mno huzika moja kati yake.

Kasoro ikirekebishwa katika msimbo, mtumiaji hajaipata bado. Lazima toleo litolewe, likaguliwe na duka, kisha kivinjari kilichukue. Chrome hutafuta masasisho ya viendelezi kila baada ya saa chache na Firefox takriban mara moja kwa siku, lakini muda wa ukaguzi hauko mikononi mwa mradi. Mweleze mtumiaji mlolongo huo badala ya kumpa tarehe. Akitaka kujaribu mapema, kuna mitego ya kumwonya. Firefox ya kawaida, tangu toleo la 48 la mwaka 2016, haikubali kusakinisha moja kwa moja kiendelezi kisicho na sahihi ya Mozilla. Kinaweza kupakiwa kwa muda kupitia about:debugging, na kitatoweka kivinjari kikifungwa. Katika Chrome anaweza kupakia folda ya msimbo akiwasha hali ya msanidi programu, ila nakala hiyo mara nyingi hupata utambulisho tofauti na ule wa dukani, kwa hiyo haitaiona mipangilio yake ya zamani. Asiyeambiwa hayo atarudi na ripoti mpya kwamba rekebisho limefuta kila kitu.

Lawama, ofa na barua za ulaghai

Maoni yenye nyota moja dukani yajibiwe kwa ufupi na kwa adabu, yakimwelekeza mwandishi mahali ambapo anaweza kusaidiwa. Pale dukani hakuna nafasi ya kufanya uchunguzi. Anayetukana aonywe mara moja, na akiendelea asijibiwe tena. Aliyejitolea ana haki ya kusema kwamba ombi fulani halitatekelezwa, na ni heshima kulisema mapema kuliko kumwacha mtu akisubiri mwaka mzima.

Taarifa ya udhaifu wa kiusalama isijadiliwe hadharani. Mshukuru aliyeileta, muombe maelezo kwa njia ya faragha, na uwafikishie watunzaji siku hiyo hiyo.

Sanduku la barua la huduma hupokea pia wageni wasio watumiaji. Desemba 2024, mfanyakazi wa kampuni ya Cyberhaven alinaswa na barua pepe iliyojifanya imetoka Chrome Web Store ikidai kwamba kiendelezi chao kimevunja kanuni. Wavamizi wakapata ruhusa ya kuchapisha, wakasambaza toleo lenye msimbo wa wizi kwa watumiaji. Barua yoyote yenye vitisho vya kufungiwa isibofywe kiungo chake. Mtunzaji aingie kwenye akaunti ya duka kwa kuandika anwani mwenyewe na aangalie kama onyo hilo lipo kweli.

Zipo pia ofa za kununua kiendelezi au kukiwekea "ushirikiano wa kibiashara". The Great Suspender, kiendelezi huria kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 2, kilibadilisha mmiliki Juni 2020, na Februari 2021 Google ilikiondoa kwa kuwa na msimbo hatari. Ofa kama hizo usizijibu wewe. Zipeleke kwa watunzaji wote kwa pamoja, zisimfikie mmoja peke yake. Na kama siku moja umiliki utabadilika kweli, watumiaji waambiwe kabla toleo la kwanza la mmiliki mpya halijawafikia, kwa maneno ya wazi, pamoja na maelezo ya namna ya kuhamisha data yao.

Kufunga ripoti

Ripoti ifungwe pale mtumiaji anapothibitisha kwamba tatizo limekwisha kwenye toleo lililotoka dukani. Kurekebishwa katika msimbo peke yake hakutoshi. Akikaa kimya, mkumbushe mara moja, mpe muda wa kutosha, kisha funga huku ukieleza kwamba inaweza kufunguliwa tena akirudi na maelezo. Swali lililoulizwa na watu watatu liandikiwe jibu la kudumu katika maelezo ya mradi, likitumia maneno ambayo watumiaji wenyewe waliyatumia kuuliza, kwa kuwa hayo ndiyo watakayoyaandika wengine wanapotafuta. Kila jibu la namna hiyo liwe na tarehe na toleo linalohusika, ili atakayelisoma baada ya miaka miwili aweze kujua kama bado linafaa kwa kivinjari alicho nacho.